Mvua Niliyosema Imeishia Njiani

Aliyesema mvua haiji ni mimi. Naanza na hilo kwa sababu nililificha kwa wiki nyingi, na muda wote huo kichochoro chetu hapa mtaa wa Biryogo kilimlaumu mtu mwingine.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani kwa mjomba wangu, kaka wa mama; tuko watu wanne na mashine nne, migongo ukutani, nyuso njiani. Nilisoma hadi darasa la sita nikaishia hapo. Kusoma najua, lakini kidole hutangulia chini ya mstari. Kuandika ni polepole zaidi. Kusema mbele za watu ndiyo kabisa sijui. Mteja akija kupimwa, mjomba ndiye huongea naye na kumtania, mimi nashika futi na kunong'ona namba.

Kazi ya mvua nilipewa kwa sababu hizo hizo. Mkuu wa mudugudu wetu, yaani kitongoji, alitakiwa kutafuta mtu mmoja mwenye simu nzuri, anayeshinda nyumbani mchana, asiyeropoka. Alikuja barazani, akatutazama mmoja mmoja, akanionyesha mimi.

"Huyu. Huyu akifungua mdomo, watu watajua kweli kuna kitu."

"Mkuu," mjomba akasema, "umemchukua bubu ukampa kipaza sauti."

Wote walicheka. Nami nilicheka, nikiwa nimeinamia kitambaa.

Mafunzo yalikuwa Kimihurura, mtaa wa maofisi, siku mbili, katika ukumbi wenye viti vya ofisi vya magurudumu na baridi iliyotoka ukutani. Mkufunzi alikuwa kijana mpole aliyekunja uso kila alipotazama skrini. Alituambia kuwa kutabiri mvua ya kesho ni kazi moja, na kutabiri mvua ya saa mbili zijazo ni kazi nyingine. Hiyo ya pili ndiyo waliyotuitia. Mchana jua likiipiga ardhi ya tambarare za mashariki na za Bugesera, hewa ya moto hupanda, na wingu la radi linaweza kuzaliwa, kukua na kumwaga kila kilichomo katika muda ambao maharage yanaiva. Kisha upepo wa juu hulisukuma kuelekea milima ya jiji. Ukilitabiri tangu jana utasema tu kwamba huenda likaja. Ukiwa na rada unaliona likija, unajua liko wapi na lina nini tumboni. Rangi ya kijani ni mvua ya kawaida, njano ni nzito, nyekundu ni ya kukimbiwa, na zambarau katikati ya nyekundu ni mawe ya barafu. Kila baada ya dakika kumi picha mpya huingia kwenye simu. Kazi yetu ilikuwa kusambaza jumbe za onyo, na siku ya hatari kuitazama picha wenyewe.

Juu ya kila picha, pembeni, kulikuwa na tarehe, na saa, na mwisho wa saa herufi Z.

Niliiona Z siku ya kwanza kabla ya chai. Nikaiandika daftarini nikaizungushia duara. Kulia kwangu alikaa mwalimu wa kike wa sekondari, mbele yangu vijana wawili wa chuo kikuu waliokuwa wakichanganya Kinyarwanda na Kiingereza kama watu wanaochanganya karata. Mkufunzi akauliza kama kuna swali. Akauliza tena. Mara ya tatu akasema, "Hakuna hata moja? Ama nyinyi ni werevu sana, ama mmelala." Watu wakacheka. Nilijiambia kuwa kila mtu pale anajua Z ni nini, na kwamba nikiuliza, watageuka wote na viti vyao vya magurudumu kunitazama.

Wakati wa chai nilijikaza nikamfuata. Alikuwa na sambusa mdomoni. Aliinua nyusi, kama anayesema, ndiyo, dada? Nikamwambia, "Asante kwa mafunzo." Nikarudi kukaa.

Nyumbani nilijitafutia jibu mwenyewe. Nilifungua picha, nikatazama saa iliyoandikwa juu, nikatazama saa ya simu. Tofauti ilikuwa saa mbili. Siku iliyofuata, saa mbili tena. Wiki nzima nililinganisha, na kila siku picha ilikuwa nyuma kwa saa mbili na dakika chache. Nikaona nimeelewa: picha zinatoka mbali, zinapita mitambo mingi, kwa hiyo zinatufikia zimechelewa saa mbili. Mvua unayoiona pale ni mvua ya saa mbili zilizopita. Nilifurahi kwa kugundua hilo bila kumsumbua mtu. Sikumwambia yeyote, na kwa hiyo hakuwepo wa kunisahihisha.

Kosa hilo halikuonekana kwa miezi kadhaa, kwa sababu sikuwa nikizitumia picha. Jumbe za onyo zilikuja kwa maneno ya kawaida ya Kinyarwanda, na saa zetu za kawaida. Mimi nilizituma tu kwenye kundi la simu la kichochoro. Zilitimia. Wanawake walianua nguo, muuza chapati alisogeza jiko lake ndani, na nusu saa baadaye mvua ilipiga mabati. Watu wakaanza kuniheshimu. Mtu akipita na ndoo ya nguo aliuliza, "Daktari wa mawingu, nianike?" Nami badala ya kusema ujumbe haujaja, nilitoa simu, nikafungua picha, nikakunja uso kama mkufunzi, nikasema, "Anika." Nilikuwa naangalia rangi tu, na zaidi nilikuwa naangalia kama wananiangalia. Sijawahi kuwa mtu wa kuulizwa kitu. Nilipenda.

Nyumba iliyotazamana na baraza letu, upande wa chini wa njia, ilikuwa ya bibi mmoja mjane. Si bibi yangu wa damu, lakini ndivyo tulivyomwita wote. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona vifungo vya kanzu visivyochomoka, na kila asubuhi alinivushia kikombe cha chai ya tangawizi na maneno makali: "Kunywa, labda itakufungua ulimi." Nyumba yake ilikuwa ya rukarakara, yaani matofali ya udongo yaliyokaushwa juani bila kuchomwa, yakapakwa saruji nyembamba kwa nje. Mabati yalikuwa yameoza. Masika alilala na sufuria tatu kitandani, akijua kila moja inakaa chini ya tundu lipi.

Kila mtu alijua sheria ya nyumba zile. Kukarabati paa kunaruhusiwa. Lakini nyumba ya udongo ikianguka, hairudishwi kwa udongo. Hapo sasa itatakiwa ramani, matofali ya kuchoma, na mambo ambayo mjane hayawezi. Kwa hiyo maadamu kuta zimesimama, bibi anakaa Biryogo, alipoolewa na alipozalia. Zikianguka, anaondoka. Ndiyo maana kichochoro kiliamua kumwezekea kabla ya mvua kubwa. Tulikubaliana iwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya asubuhi, maana siku hiyo kila mtu yuko nyumbani na tayari ameshika jembe.

Fundi wa paa alikuwa mtu mzima aliyekulia Tanzania, mtaratibu, ambaye wazee wetu wa hapa, wasiozoea shikamoo, waliisikia kwake peke yake. Asubuhi ile alipanga kazi vizuri. Tutavua nusu ya paa, tuiezeke, kisha tuvue nusu ya pili.

"Nyumba haivuliwi nguo zote mchana," alisema. "Ni mtu mzima, ana aibu zake."

Bibi alicheka hadi akafuta macho kwa mtandio.

Ujumbe wa asubuhi ulikuwa umeingia: kuanzia saa saba hadi saa kumi mvua ya radi inawezekana, tambarare kwanza kisha jiji, tazameni picha kila nusu saa. Niliutuma kwenye kundi. Kila mtu aliusoma.

Saa saba na nusu kazi ilikuwa imechelewa. Chini ya mabati walikuta mbao zimeliwa na mchwa, zikabidi kubadilishwa. Nusu ya kwanza ilikuwa wazi bado, mbao mpya zikingoja mabati, na vijana walikuwa wamechoka kushuka na kupanda.

"Mzee, tuvue yote tu," mmoja alisema. "Tukipiga mabati kwa mkupuo, saa tisa tumemaliza. Saa kumi iko mechi."

"Mechi haijengi nyumba," fundi akajibu.

"Na nusu nusu haiishi leo. Bibi alale wapi, kwa daktari wa mawingu?"

Fundi alisimama juu ya ukuta akatazama kusini-mashariki. Upande wa Bugesera kulikuwa na weusi wa chini, kama mkaa uliomwagiwa maji. "Ile siipendi," akasema.

Bibi alikuwa amekaa njiani kwenye kiti cha plastiki, vyombo vyake vimerundikwa kando. Akasema, "Mnabishana nini, na mwenye simu yupo? Mwulizeni mwanangu."

Watu kama ishirini waligeuka kunitazama. Nilikuwa nimebeba beseni la misumari. Nikalitua, nikatoa simu.

Picha ilionyesha doa jekundu kubwa juu ya Bugesera, na zambarau katikati. Juu yake: 11:40Z. Saa ya simu ilikuwa karibu saa nane kasoro dakika kumi. Nikafanya hesabu yangu. Picha ni ya saa tano na dakika arobaini. Wingu lile lilikuwa Bugesera saa mbili zilizopita. Mkufunzi alisema wingu kama lile hutembea haraka. Lingekuwa linakuja huku, lingeshafika. Halijafika. Basi limeishia njiani.

Hesabu ilikuwa safi. Naikumbuka kila siku jinsi ilivyokuwa safi.

"Imeishia njiani," nikasema.

"Sema kwa nguvu, sha!" mtu akapiga kelele.

"Mvua imeishia njiani. Ilikuwa Bugesera saa tano. Sasa imekwisha."

Fundi alishuka ngazi akaja hadi nilipokuwa. Hakuwa na dharau. Alininong'oneza karibu, kama mtu anayejua kuwa naona haya. "Una hakika, binti?"

Hapo neno moja lingetosha. Nilikuwa najua kuna herufi moja kwenye ile picha ambayo siielewi. Nilikuwa na daftari chumbani lenye Z ndani ya duara. Lakini watu ishirini walikuwa kimya wakinisubiri mimi, na mjomba alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu kwa fahari ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Nina hakika."

"Na ule weusi?"

"Ni mkia wake."

Mkufunzi hakuwahi kutaja mkia wa mvua. Niliutunga pale pale, ulimi wangu ambao haujui kusema ukautunga bila shida yoyote.

"Leo bubu kasema!" vijana wakashangilia, na mabati yakaanza kung'oka.

Baada ya dakika ishirini hivi nyumba ilikuwa wazi yote. Ukisimama chumbani kwa bibi ungeona mbingu, kamba yake ya nguo, na kalenda ya msikitini bado ukutani. Nilikuwa nikiwapitishia misumari pale upepo wa baridi ulipoingia kutoka chini ya kilima. Ilikuwa baridi ya kweli, kama mlango wa ule ukumbi wa Kimihurura umefunguliwa. Mkufunzi alikuwa ametufundisha habari zake: wingu likianza kumwaga, hewa baridi hushuka nalo na kukimbia mbele, ukiisikia, zimebaki dakika chache. Nilijua pale pale.

Fundi naye alijua. "Shitingi! Leteni shitingi!" Walileta yale maturubai ya plastiki, matatu, wakajaribu kuyafunga kwenye mbao. Upepo ulichukua la kwanza ukalipeleka juu ya paa la msikiti. La pili lilimgonga kijana mmoja akaanguka chini na kamba mkononi. Kisha mawe yakaja. Mawe makubwa kama kokwa za parachichi, yakipiga mabati mapya yaliyolala chini, kelele ambayo ilifuta sauti za watu. Niliona midomo yao ikifunguka tu. Wanawake walimbeba bibi pamoja na kiti chake hadi barazani kwetu. Kutoka pale aliiona nyumba yake ikijaa maji kama beseni.

Mvua yenyewe haikuzidi nusu saa. Ilipopungua, wanaume walikuwa wakichota maji kwa ndoo, na fundi akiwapigia kelele watoke ndani. Aliona kabla yao. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa umelowa kutoka juu hadi chini, saruji ikiachana na udongo. Haukuanguka kwa kishindo. Ulikaa chini, kama mtu aliyechoka. Sauti yake ilikuwa ya gunia la unga kutuliwa. Wa pembeni ukaufuata.

Hakuna aliyeumia. Watu walilisema hilo mara nyingi jioni ile, alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Bibi alikuwa ameshika kikombe changu cha chai ya asubuhi, kitupu, sijui alikiokota wapi.

Jumatatu watu wa sekta, ofisi ya serikali ya eneo letu, walikuja wakapima, wakachora alama nyekundu za kubomoa kwenye kuta zilizobaki. Hawakuwa wakali. Walimweleza taratibu yale ambayo sote tulikuwa tunayajua. Wiki hiyo hiyo binti yake alikuja na gari dogo kutoka Kagugu, pembezoni mwa jiji, akapakia vyombo na godoro lililooza, wakaondoka. Mimi nilibeba sufuria tatu hadi garini.

Kisha maneno yakaanza. Mtu huwa anataka sababu, na sababu iliyokuwa karibu ilikuwa fundi. Ni yeye aliyevua nyumba yote. Mtu mzima, ameona wingu jeusi, bado anavua. Nilimsikia akijitetea mara moja tu, njiani mbele ya mashine yangu.

"Niliuliza," alisema. "Nilimwuliza binti mbele yenu."

"Sasa unamsingizia mtoto?" muuza chapati akamjibu. "Yeye ni fundi wa paa? Anashona magauni!"

"Simu inaweza kukosea," mjomba akaongeza. "Wewe una macho."

Fundi alinitazama. Nilikuwa nakanyaga cherehani kwa kasi, na sindano haikuwa na uzi. Alingoja kidogo. Kisha akachukua ngazi yake akaenda, na baada ya hapo hakuna mtu wa kichochoro chetu aliyemwita tena, hata kwa kuziba tundu.

Zilipita siku tisa kabla sijampigia simu mkufunzi. Nilienda hadi nyuma ya shule ili nisisikike. Nikamwuliza Z ni nini.

"Ah, hiyo? Ni saa ya dunia. Watu wa hali ya hewa wote wanatumia saa moja ili wasichanganyane. Sisi hapa tuko mbele kwa saa mbili. Unaongeza mbili, basi. Kuna tatizo?"

"Hapana."

"Uliza wakati wowote, dada."

Mazungumzo yote hayakufika dakika moja. Picha haikuwa imechelewa hata kidogo. Ilipigwa dakika kumi tu kabla sijaitazama. Lile doa la zambarau lilikuwa hai, liko Bugesera, linakuja, na mimi niliwaambia watu limekufa.

Baada ya kujua, nilizidi kunyamaza. Nilijiambia kwamba kusema sasa hakuinui ukuta. Nilijiambia fundi ana kazi mahali pengine. Usiku sikuwa na shida ya kulala. Shida ilikuwa asubuhi, saa ya chai ya tangawizi, nilipoinua macho nikaona kuta mbili zenye alama nyekundu. Mwezi ulipokwisha niliacha kushona saa nne asubuhi, nikamuaga mjomba kwa uongo kwamba naenda kununua vifungo, nikaenda Kagugu.

Bibi alikuwa nyuma ya nyumba ya binti yake, anachambua mchele. Aliniona akatabasamu. "Umetembea hadi huku na miguu yako? Na ulimi umeuleta?"

Nilikaa chini karibu na ungo. Nilimweleza yote, vibaya, nikianza katikati. Ilibidi nimchoree mchangani 11:40 na ile Z. Nilimwambia kuhusu mkufunzi na sambusa. Nilimwambia mkia wa mvua niliutunga.

Aliacha kuchambua. Kwa muda mrefu alitazama michoro yangu.

"Kwa hiyo ulikuwa hujui," akasema.

"Nilikuwa sijui, Bibi."

"Hiyo si kitu. Sote hatukujua. Ulikuwa unajua kwamba hujui?"

Nilianza kuokota punje zilizoanguka nje ya ungo.

"Nakuuliza, mwanangu. Ulijua kwamba hujui?"

"Nilijua."

Nilidhani atalia, nikawa tayari kulia naye. Badala yake uso wake ukawa mkali. "Na yule mtu wa watu! Mimi nimekuwa nikimtaja kwenye dua zangu kila alfajiri, na si kwa heri. Mwezi mzima! Umeniacha nimwombee mabaya mtu asiye na kosa, na wewe umekaa kimya unashona?" Aliingiza mkono kwenye kanga akatoa simu yake ndogo ya vibonye. "Hapa. Namba yake iko."

"Bibi, nitamwambia mwenyewe, siku nyingine—"

"Siku nyingine ipi?" Alikuwa ameshabonyeza.

Fundi alipokea akiwa juu ya paa fulani, upepo ulisikika. "Shikamoo, Bibi," akasema haraka, kwa woga kidogo. Bibi hakuitikia. Alinipa simu. "Sema."

Nilisema jina la kichochoro chetu, nikasema mimi ni yule wa simu. Akasema, "Ngoja nishuke." Nilisikia viatu vyake kwenye ngazi, kipago baada ya kipago, na kila kipago nilitamani ngazi iwe ndefu zaidi. Aliposema, "Haya," nilimwambia. Mara hii nilianza mwanzoni.

Hakunitukana. Alisema, "Saa mbili?"

"Saa mbili."

"Mimi nimekaa nikiwaza kwamba nimezeeka. Kwamba nimeona wingu na sikulijua. Kuna siku nilitaka kuuza ngazi. Kwa nini unaniambia mimi? Mimi nilikuwepo nilipokuuliza. Waambie wao."

Bibi alisikia, maana simu ile sauti yake hutoka nje. Aliinua kidole. "Umesikia? Hutoki hapa."

Kwa hiyo ujumbe niliuandika Kagugu, nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, kwenye lile kundi la kichochoro ambalo nililitumia kutuma maonyo. Ulikuwa mistari michache lakini mchele uliiva, tukala, nilikuwa bado naandika. Bibi hakunisaidia neno hata moja. Niliandika kwamba fundi aliniuliza mara mbili na nikamwambia nina hakika, na sikuwa nayo. Niliandika kuhusu saa. Niliandika kwamba nilijua ukweli tangu siku ya tisa. Hapo nilisimama sana. Ningeweza kuufuta mstari huo na hakuna ambaye angejua. Niliuacha ubaki, nikatuma.

Nilipofika nyumbani wote walikuwa wameusoma. Muuza chapati alikuwa ameandika, "Na mkia?" peke yake, na watu sita wakaweka alama ya kicheko. Mwingine aliandika nimrudishie bibi ukuta wake. Mkuu wa mudugudu aliandika kuwa tutaongea. Mjomba hakuandika kitu. Alikuwa barazani, anakunja vitambaa. "Ulinisikia nikimwambia fundi ana macho," alisema bila kunitazama. "Mbele yako. Ukaniacha niseme." Tangu hapo hajanitania tena mbele ya wateja. Zamani nilitamani aache utani. Sasa nautamani.

Fundi alirudi kwetu baada ya kama wiki tatu, kuezeka jiko la nyuma la muuza chapati. Alipita na ngazi begani, akasalimia baraza zima, nami nikiwemo ndani ya salamu hiyo kama mtu yeyote. Hakusimama. Nilisikia muuza chapati akimwomba radhi kwa sauti ya juu zaidi ya iliyohitajika, na yeye akijibu kwamba yameisha, tupime mabati.

Kazi ya mvua sijanyang'anywa. Mkuu alisema angalau mimi sasa najua kuongeza mbili. Watu hawaniulizi wakipita. Husoma ujumbe, kisha hutazama juu wenyewe.

Kuta za bibi zilibomolewa mwezi huo huo, udongo ukazolewa, pakabaki wazi. Nyumba ile ndiyo ilikuwa ikituziba upande wa chini. Sasa nikiinua kichwa kwenye cherehani naona moja kwa moja hadi bondeni na ng'ambo yake, hadi zile tambarare, na mchana naona mawingu yakianza kupanda moja moja, meupe kwanza. Nayaona vizuri kabisa. Nimejaribu kugeuza mashine yangu itazame ukuta, lakini mjomba anasema mwanga ni mbaya upande huo.